Ng'ombe wa Mahari na Soksi Zangu za Madini

Naanza na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi, Elia, fundi cherehani wa Unyambwa, mtu ninayewashonea wenzangu suti za harusi, nililambwa miguu na ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe, mbele ya wakwe, nikiwa ndani ya kaunda suti niliyoishona kwa mikono yangu, na nikaishia chali katikati ya boma nikipiga kelele. Haya, cheka umalize, halafu nikusimulie ilivyokuwa, maana wanaosimulia vijiweni huko wanaongeza chumvi, na chumvi, kama utakavyoona, siku ile nilikuwa nayo ya kutosha.

Chanzo cha yote ni vigimbi vyangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mtu akikanyaga kutwa nzima, msimu wa sare za shule, bila kunyanyuka hata kunywa maji, miguu inamsubiri apumzike ndipo idai haki yake. Msuli wa kigimbi unajikusanya wenyewe, unakuwa mgumu kama jiwe, vidole vya mguu vinaangalia kila kimoja upande wake, na wewe mwenye mguu huna unaloweza zaidi ya kuruka na kuita majina ya ukoo wako. Nilizoea. Nilikuwa naishi peke yangu, nani wa kunisikia? Kuta tu, na jogoo wa jirani, ambaye naamini aliwahi kuwika kabla ya saa yake kwa sababu yangu.

Ila siku ya kujitambulisha kwa kina Pendo, msuli ukanichongea.

Pendo ni yule binti aliyekuwa anauza mafuta ya alizeti pale sokoni mjini. Alikuja kwangu kushonesha gauni, gauni likamkaa vizuri mno hata mimi nikashindwa kukaa. Kwao ni kijiji kimoja mbele kidogo ya Ilongero, kwa baba yake, Mzee Ntandu, mfugaji, mtu mrefu, mwenye maneno machache na yote ya kuamrisha. Nikaenda na mjomba wangu Yohana, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Wakanikalisha kwenye kigoda kifupi, magoti yakanifika masikioni, mjomba akasema maneno yake ya busara, chakula kikaletwa: ugali wa uwele, kuku wa kienyeji na bakuli kubwa la mlenda. Bibi yake Pendo, mama mzazi wa Mzee Ntandu, akafumba macho kuombea chakula. Alipofika tu kwenye "Bwana, ubariki mikono iliyopika," kigimbi cha kushoto kikajikunja.

Niliruka. Mguu ukapiga bakuli, bakuli likapaa, mlenda ukamshukia Mzee Ntandu kuanzia kifuani kwenda chini (na mlenda unaujua mwenyewe, haufutiki, unasambaa tu). Nikajibwaga sakafuni nikagugumia na kujinyonganyonga pale, na nisingeweza kueleza ni nini kwa sababu meno yalikuwa yameumana. Msuli ulipoachia, nikainua macho, nyumba nzima ilikuwa inaniangalia kama mbuzi anayekaguliwa mnadani. Mjomba aliponiuliza njiani kulikoni nikamwambia niliumwa na siafu. Akaniamini, au alijifanya.

Siku chache baadaye Pendo akaja dukani kwangu, hata hakuniamkia vizuri.

"Elia, nyumbani wanasema una kifafa."

"Mimi? Pendo, ule ni msuli! Msuli wa kawaida!"

"Mimi nimewaambia hata ingekuwa kifafa, kifafa nacho ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na watu wanaoa nao. Ila baba kashasema. Siku mkileta ng'ombe watakuangalia tena. Ukianguka tena, ng'ombe wanarudi walikotoka." Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, nami sikumzuia. "Naomba tu usianguke."

Basi hilo ndilo nililoombwa. Sikuombwa gari, sikuombwa nyumba ya bati, niliombwa nisianguke, na mwanaume akiombwa jambo dogo kama hilo na mtu anayempenda, akashindwa, ataangalia watu kwa macho gani?

Nikaenda duka la dawa mjini. Kuna dada pale, mpole, wa miwani, akanihoji ninakunywa maji kiasi gani, ninakula nini, ninakaa muda gani kwenye cherehani, hadi nikaona aibu kujibu. Mwisho akanipa chupa ya vidonge vya magnesiamu, akaniambia, "Kaka, hii siyo panadol. Ni madini, kuna wanaosaidiwa nayo na kuna wasioona tofauti. Meza kimoja baada ya chakula, usizidishe. Kunywa maji, kula mboga za majani na karanga, na kwenye hiyo cherehani uwe unanyanyuka unanyoosha miguu. Ikiendelea, nenda hospitali wakupime."

Nikamtii kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikameza, nikanywa maji, nikawa nanyanyuka kila nikimaliza kola, na kweli mambo yakatulia. Ni vidonge, ni maji, ni kunyoosha miguu, sijui, mimi sifa zote nilizipa vidonge kwa sababu vidonge vinaonekana. Ile chupa niliiheshimu. Niliiweka juu ya cherehani, pale mbele ya macho, nisiisahau.

Na pale pale ndipo nilipoisahau. Mkesha wa siku ya ng'ombe nikapanda bodaboda kwenda kulala Ilongero kwa mjomba, kaunda suti nimeining'iniza kwenye hanga isijikunje, upepo unaipeperusha hadi watu wa njiani wanatupungia mkono wakidhani tuko watatu. Kufika, najipapasa mfukoni, chupa hakuna. Sasa sikiliza, maana uamuzi mdogo ulioleta yote ndio huu. Ningeweza kumpigia simu jirani yangu ampe mtu wa bodaboda ile chupa, ningekuwa nayo kabla ya ugali wa jioni. Lakini mjomba angeuliza ni dawa ya nini, ningelazimika kurudi kwenye habari ya siafu, nami nilikuwa sitaki mshenga wangu aingie ukweni akijua kwamba ameshadanganywa mara moja. Nikanyamaza.

Nikiwa nimenyamaza hivyo, mjomba akanituma stoo nimletee kamba. Stoo kuna mfuko wa unga wa madini ya mifugo, ule wanaochanganya kwenye chakula cha ng'ombe, na pembeni yake jiwe la kulamba, lile gumu la chumvi wanaloliweka bomani. Nikasoma mfuko. Kalsiamu. Fosforasi. Magnesiamu.

Magnesiamu! Neno lile lile la kwenye chupa yangu! Nikasimama pale na kamba mkononi, akili ikaanza kutembea yenyewe: ng'ombe anatembea asubuhi hadi jioni kutafuta malisho, anapanda mlima, anashuka korongo, umewahi kumwona ng'ombe ameshika kigimbi analia? Hujawahi. Kwa nini? Kwa sababu ana madini. (Nilijisikia mwanasayansi kabisa, nilitamani kuwe na mtu wa kumweleza.) Kula sikuthubutu, maana kwenye mfuko kulikuwa na picha ya dume la ng'ombe lililokuwa linaniangalia kana kwamba linasema jaribu uone. Ila nikajiambia, ugonjwa uko mguuni, dawa ya nini ipitie tumboni? Ngozi nayo inanyonya.

Asubuhi nikaamka kabla ya wote, nikachota unga ule kwenye kopo, nikatia maji, nikakoroga kwa mwiko wa mjomba (mjomba, kama unasikia, mwiko niliuosha). Likawa tope la kijivu lenye harufu tamu, kwa sababu walitia molasi humo ili ng'ombe waupende, jambo ambalo liliandikwa kwenye mfuko kwa herufi kubwa na mimi nililiruka, nilikuwa natafuta magnesiamu tu. Nikajipaka vigimbi vyote viwili, magotini hadi vifundoni, nene kama mtu anayekandika ukuta, nikavuta juu yake soksi ndefu za mpira wa miguu, halafu suruali. Na kwa kuwa mwenye akili hujiwekea akiba, nikamega kipande cha lile jiwe la kulamba nikakitia mfukoni.

Tukatoka: mimi, mjomba, binamu zangu wawili wenye fimbo, na ng'ombe wa mahari, akiwamo mtamba mmoja mwekundu, mnene, anayeng'aa, ambaye mjomba alimpenda kuliko sisi sote kwa pamoja. Ng'ombe huswagwa kutoka nyuma, hata mtoto anajua. Siku ile mimi nikapita mbele kuikwepesha suti na vumbi, na ng'ombe wakaacha majani, wakaacha hata mabua ya mtama yaliyobaki mashambani baada ya mavuno, wakanifuata kwa mstari, wametulia, kama waumini wanaotoka ibadani. Binamu zangu wakabaki nyuma na fimbo zao hawana kazi.

"Elia," mjomba akasema, sauti imelainika, "nimepeleka ng'ombe wa watu wengi, hili sijawahi kuliona. Hawa ng'ombe wamekutambua. Hii ni baraka."

Nikavimba kichwa. Nikaanza hata kutembea kwa madaha, mkono mmoja nyuma.

"Lakini kuna kitu kinanukia," binamu mmoja akasema.

"Manukato," nikajibu bila kugeuka.

Jua likapanda. Jua la kwetu halina mchezo, nami nilikuwa nimevaa kitambaa kizito kwa ajili ya heshima. Jasho likaanza kushuka kutoka mapajani, likakutana na lile tope, wakaelewana. Tulipofika kwa Mzee Ntandu soksi zilikuwa zimelowa chepechepe, na kwenye suruali, kuanzia magotini kwenda chini, kulikuwa kumetokea ramani mbili za kijivu. Nikawa naukaza mwendo ili zisionekane.

Watu walikuwa wamejaa uani: majirani, mashangazi, vijana wa kanisani, akina mama jikoni. Safari hii nikapewa kiti kirefu cha plastiki (niliuona mkono wa Pendo hapo, akajitokeza mlangoni sekunde moja, akanitazama miguu, akaingia ndani). Bibi akaletewa kiti chake akakiweka mbele yangu, uso kwa uso, akaniangalia bila kupepesa. Nilielewa. Yeye ndiye daktari wa zamu.

Na kumbuka, kwetu siku kama hiyo bwana harusi hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga. Wewe unakaa, unaangalia chini, ukiulizwa unatabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikasema nani hawezi kukaa kimya na kutoanguka?

Mzee Ntandu akawapitia ng'ombe mmoja mmoja, akagusa nundu, akaangalia meno, akazunguka yule mtamba mwekundu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona mjomba anapumua. "Haya," Mzee akasema, "waingizeni bomani." Binamu zangu wakaswaga, akina mama wakaanza vigelegele, ng'ombe wakaenda vizuri hadi langoni, na pale langoni mtamba mwekundu akasimama. Akainua pua. Akageuka, akapita katikati ya binamu zangu kama hawapo, akavuka uwanja, akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akatoa ulimi na kunilamba suruali.

Vigelegele vikakatika.

Nikatabasamu, nikiangalia chini kama inavyotakiwa. Nikamsukuma taratibu kwa goti. Akadhani namkaribisha. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, na huo ulikuwa unapanda kutoka kifundoni hadi gotini, unarudi, unapanda, na kila akilamba suruali inapanda nayo. Wa pili akaja. Wa tatu akashika upande wa mfukoni. Nikasogeza kiti, nao wakasogea. Nikainuka, nikahamia upande mwingine wa uwanja kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake, nao wote wakafuata, na sasa uwanja mzima ulikuwa umeanza kutoa ile sauti ya watu wanaoziba midomo kwa khanga.

"Kijana," bibi akauliza, "umejipaka nini?"

Sina mdomo. Nikatabasamu.

"Yohana, mwana wenu amejipaka nini?"

"Manukato," mjomba akasema, akinitazama kwa jicho la kutaka kujua.

Nikazunguka nyumba. Nilidhani wakinipoteza machoni watasahau, kumbe ng'ombe hatumii macho. Nikatokea upande wa pili nikiwa nakimbia kidogo, kaunda suti inapiga piga, ng'ombe wa mahari wote nyuma yangu, na nyuma yao binamu wawili wenye fimbo, na nyuma ya binamu mbwa wa pale nyumbani aliyeona asipitwe. Tukapita mbele ya wageni hivyo. Nikazunguka mara nyingine, si kwa kupenda. Safari hiyo hakuna aliyeziba mdomo.

Mzee Ntandu peke yake hakucheka. Aliinua mkono, watu wakanyamaza, akasema, "Mshenga. Mimi ni mfugaji. Ng'ombe hawa wamefika langoni kwangu wakakataa kuingia, na wanamkimbilia mwenyewe. Sijui mmewafanya nini. Warudisheni, siku wakikubali mtaniletea." Akaokota fimbo yake, akaanza kwenda ndani.

Nikamwona Pendo dirishani. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na hakuwa anacheka.

Hapo moyo wangu ukaniuma kweli, utani wote ukaniishia. Nikaona hivi: ng'ombe wanataka kuja niliko mimi. Mzee anataka ng'ombe waende bomani. Basi anayetakiwa kwenda bomani ni nani? Nikakunja suruali (ng'ombe walikuwa wameshaanza kazi hiyo, nikaimalizia), nikakimbia, nikapita langoni, nikazama kwenye samadi hadi vifundoni na viatu vyangu vya kung'aa, nikasimama katikati ya boma. Nao wakaingia. Wote. Mtamba mwekundu wa kwanza, wa mwisho akiwa yule aliyekuwa anatafuna kitu nilichokuja kugundua baadaye ni leso yangu. Mjomba akapiga kelele, "Fungeni lango! Fungeni!" na vigelegele vikarudi juu kuliko mwanzo.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Ila ng'ombe wakanizingira, mmoja akashika soksi ya kulia kwa meno akaivuta kama anavyovuta majani, ikatoka, na kigimbi changu kikaonekana na watu wote kikiwa cha kijivu kama nguzo ya saruji. Na kile kigimbi cha pili, cha kushoto, kilichokuwa kimekimbizwa kuzunguka nyumba bila maji wala kidonge, kikaamua kwamba sasa ndiyo wakati.

Kikajikunja. Nikalia, nikaenda chali, samadi ikanipokea.

Mtu mmoja akasema, "Si tulisema! Ni kifafa!"

Nikasahau mshenga, nikasahau desturi, nikasahau ni siku gani. "Siyo kifafa!" nikapiga kelele kutoka chini ya matumbo ya ng'ombe. "Ni msuli! Msuli wa mguu wa kushoto! Wa kushoto, jamani, huu hapa! Na nimejipaka madini ya ng'ombe kwa sababu dawa nimeisahau Unyambwa kwenye cherehani, na siku ile hawakuwa siafu, mjomba nisamehe!"

Nikasikia fito za boma zinalia, mtu anaruka. Ni Mzee Ntandu. Nilifumba macho nikijua ninapigwa fimbo. Badala yake nikasikia mkono unaunyoosha mguu wangu goti lisikunjike, mwingine unashika vidole na kuvivuta kuja usoni kwangu, taratibu, kwa nguvu ile ile inayotakiwa, bila kukosea hata kidogo. "Usishindane nao," akaninong'oneza. "Vuta pumzi. Usiukunje. Sasa utaachia." Ukaachia. Nikafumbua macho, yule mzee wa maneno machache amepiga magoti kwenye samadi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kabisa maumivu yale yanapoanzia na yanapoishia. Nikataka kumuuliza amejulia wapi. Akanitupia jicho, swali likarudi tumboni.

Bibi alikuwa ameshaletwa hadi kwenye lango na mkongojo wake.

"Nani kasema kifafa?" akauliza. "Mwenye kifafa akianguka anakutajia mguu wa kushoto? Anakueleza na alikosahau dawa? Huyu ni mzima, ila ni mjinga, na ujinga sisi tunaweza kuishi nao, tumeishi na babu yenu." Akaelekeza mkongojo bomani. "Ng'ombe wameingia au hawajaingia?"

"Wameingia, mama," Mzee Ntandu akasema, akijipangusa magoti.

"Lango limefungwa?"

"Limefungwa."

"Na huyu mwenye suti yumo humo humo?"

"Yumo."

"Basi tumewapokea wote. Mnisafishie mume wangu, chakula kinapoa."

Jamani, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mjomba alicheka hadi akakaa chini, mashangazi walishikana, Pendo akatoka ndani mbio na ndoo ya maji, analia na kucheka kwa pamoja, akanimwagia miguuni mbele ya watu wote akisema, "Nilikuomba usianguke, Elia! Kitu kimoja tu nilikuomba!" Nami nikacheka, nilikuwa na furaha ya ajabu, nimelowa, nanuka samadi na molasi, nimevaa soksi moja, na ni mchumba wa mtu. Nikala mlenda nikiwa nimefungwa shuka la Mzee. Na kiti changu walikiweka mbali kabisa na bakuli.

Suti ile haikupona. Ninayo hadi leo, nimeitundika dukani, wateja wakiuliza ramani zile za nini nasema ni mtindo. Nimejifunza pia, kwa gharama ya jina langu (Ilongero nzima mimi ni Bwana Jiwe la Kulamba), na nimeapa kwamba cha ng'ombe nitamwachia ng'ombe, kidonge nitameza kile nilichoelekezwa, na nikisahau kitu nitapiga simu hata kama ni kwa aibu, kwa sababu aibu ya kusema ni ya dakika moja, hii nyingine bado naila.

Ningependa kumalizia hapo, ila kuna jambo moja.

Msimu uliofuata, wakati wa kuvuna alizeti, mimi na mke wangu Pendo tulikwenda kuwasaidia wakwe, tukafika mapema bila kutoa taarifa. Pendo akaingia jikoni. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kumwamkia mkwe. Nikamkuta pembeni mwa boma, amekaa kwenye jiwe, suruali ameikunja hadi magotini, kopo liko chini na mwiko ndani yake, na ndama mmoja mdogo anamlamba kigimbi kwa ulimi wote.

Tukatazamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi, baba."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, baba."

"Vizuri." Ndama aliendelea, yeye hakuwa na aibu na mtu. Mzee akaangalia mbali, kwenye alizeti, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hii kitu wewe ilikusaidia?"

"Hapana, baba. Hata kidogo."

"Nami naona hivyo hivyo."

Nikachuchumaa, nikamwondoa ndama, nikaunyoosha mguu wake goti lisikunjike, nikavuta vidole kama alivyonifanyia. Nikamwambia mjini kuna dada mmoja mpole, ana miwani, atamuuliza maswali mengi kuhusu maji, asione aibu kujibu, nami nitampeleka mwenyewe.

"Asijue mtu," akasema.

"Hatajua mtu, baba."

Kwa hiyo ninyi mliosikia, hamjasikia. Mkikutana naye mnadani Ilongero, mwamkieni shikamoo kama inavyostahili, na macho yenu yasishuke chini ya magoti yake.